Ziara ya familia chuo kikuu: jinsi ya kukikagua chuo kabla ya kukichagua

Ziara nyingi za vyuo hupita njia ileile: lango kuu, jengo jipya kuliko yote, maktaba, uwanja wa michezo, kisha picha ya pamoja. Baada ya saa mbili familia inarudi nyumbani na vipeperushi mkononi, na hakuna aliyehesabu kompyuta, aliyefungua bomba la bafuni, wala aliyeuliza mwanafunzi akifeli somo moja hufuata nini. Mwongozo huu unahusu hayo yanayorukwa. Yaliyoandikwa kwenye tovuti yasomeni nyumbani. Chuoni nendeni mkatazame yasiyoandikwa.

1. Wiki tatu au nne kabla: karatasi mbili mezani

Kijana aandike mambo yasiyozidi matano ambayo chuo kikiyakosa hakimfai: kozi fulani, maabara ya aina fulani, malazi ya mwaka wa kwanza, umbali kutoka nyumbani. Wazazi waandike ya kwao kwenye karatasi nyingine, kisha mlinganishe. Ubishi ukitokea, afadhali utokee mezani kuliko mbele ya ofisa udahili. Kiasi ambacho familia inakimudu kwa mwaka kitajwe hapohapo, kwa tarakimu. Kumpeleka kijana akapende mahali ambapo mnajua tayari hamwezi kulipia ni kumwonjesha asali kisha kumficha mzinga.

Baada ya hapo someni vitu vinne: sifa za kujiunga, orodha ya masomo ya kila muhula, jedwali la ada, na kanuni za mitihani. Hicho cha mwisho hakuna anayekisoma, nacho ndicho kinachoamua nani anarudia mwaka na nani anaondolewa. Kila mnachokwama, kiandikeni kuwa swali. Maswali yakizidi 15, punguzeni. Hamtapata muda wa kuyauliza yote, na mtaishia kuuliza yale mepesi.

2. Chagueni siku ya kazi, si siku ya sherehe

Wakati mzuri ni katikati ya muhula: kuanzia wiki ya nne, usajili ukiwa umetulia, hadi wiki mbili au tatu kabla ya mitihani. Jumanne, Jumatano na Alhamisi ndizo siku ambazo vipindi vimejaa na wahadhiri wako ofisini. Likizo, wiki ya mitihani na siku za mahafali ziepukeni. Chuo kikiwa kitupu, kila ukumbi unaonekana unatosha na kila bafu linaonekana safi.

Vyuo vingi huwa na siku rasmi ya kupokea wageni. Ina faida zake: idara zote ziko wazi, na kwa saa tatu mnaweza kuzungumza na watu ambao siku nyingine mngewasaka wiki nzima. Lakini siku hiyo hata nyasi zimekatwa kwa ajili yenu. Kama kijana bado hajajua anataka kusoma nini, nendeni siku hiyo. Kama amebakiza vyuo viwili na anapima, nendeni siku ya kawaida. Chuo kimoja kwa siku kinatosha. Viwili ni kikomo, na hivyo viwe jirani. Mkitembelea vitatu kwa siku, jioni hamtakumbuka bweni lipi lilikuwa la chuo kipi.

3. Barua pepe mbili, naye kijana ndiye anayeandika

Moja iende ofisi ya udahili, nyingine iende idara yenyewe. Ombi la jumla la "kutembelea chuo" huishia kwenye ziara ya kikundi cha watu 40. Ombi mahususi hufika kwa mtu anayeweza kulijibu. Mfano:

"Habari za kazi. Naitwa (jina), ninakusudia kuomba nafasi ya shahada ya (kozi) katika muhula ujao. Mimi na wazazi wangu wawili tungependa kutembelea idara yenu Jumatano, tarehe (tarehe). Tunaomba mambo matatu: niruhusiwe kuketi katika kipindi kimoja cha mwaka wa kwanza, tuonyeshwe maabara ikiwa inatumika, na tupate dakika 15 za kuzungumza na mratibu wa programu. Kama siku hiyo haifai, tafadhali tupendekezee nyingine."

Msipojibiwa ndani ya siku saba, pigeni simu mara moja. Msipopata jibu hata hapo, liandikeni hilo kwenye daftari. Idara isiyomjibu mtu anayetaka kujiunga haitarajiwi kumjibu haraka mwanafunzi ambaye matokeo yake yamepotea.

4. Gawaneni kazi kabla ya kufika getini

Watu wazima wawili wanatosha. Watoto wadogo wakibaki nyumbani ni bora, kwa sababu saa tano za kutembea zitawachosha na mzazi mmoja ataishia kuwa mlezi siku nzima.

Kijana anauliza yote yanayohusu masomo. Mzazi mmoja anashika fedha, malazi na usalama. Mwingine anaandika, hasemi. Kosa linaloharibu ziara nyingi ni mzazi kumjibia kijana: mhadhiri anauliza "Kwa nini unataka kusoma uhandisi?" na baba anaanza kueleza. Mhadhiri humgeukia baba, mazungumzo yanahama, na kijana hupotea. Afadhali kimya cha sekunde kumi. Kubalianeni ishara ndogo ambayo kijana akiifanya, mzazi anaacha kusema.

Bebeni vitambulisho, nakala za matokeo ya mitihani, daftari, futi ya mkanda ya mita 3, chaja, maji, na ramani ya chuo iliyopakuliwa kwenye simu. Vaeni viatu vilivyofunika mguu mzima, maana maabara nyingi hazimruhusu mtu mwenye sandali kuingia.

5. Fikeni kwa njia ambayo mwanafunzi atapita

Kama mwanafunzi atakuwa anapanda basi, kipande cha mwisho cha safari kipandeni basi hata kama mmekuja na gari. Tazameni saa mnapoondoka kituoni na mnapofika langoni. Ndani ya chuo, pimeni umbali kwa miguu: kutoka bweni hadi ukumbi wa mihadhara, kutoka ukumbi hadi maabara. Mwendo wa kawaida ni kama mita 80 kwa dakika, kwa hiyo mapumziko ya dakika 10 kati ya vipindi yanatosha mita 800 za tambarare, bila ngazi wala msongamano mlangoni. Kama kumbi mbili za kozi hiyo ziko umbali wa kilomita moja na nusu, ulizeni ratiba hupangwaje.

6. Idara: hapa ndipo pa kutumia muda

Familia nyingi huipa idara dakika 20 na mkahawa saa nzima. Igeuzeni. Kijana atakaa na idara hii miaka mitatu, minne au zaidi. Sanamu ya uwanjani atazoea kuipita asiitazame.

Anzeni na ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba chuo au kozi inakidhi viwango. Chuo kuwa na ithibati ni jambo moja, kozi kutambuliwa na bodi ya taaluma ni jambo lingine. Kwa udaktari, uuguzi, ufamasia, sheria, uhandisi na ukadiriaji majenzi, anayehitimu kozi ambayo bodi haiitambui anaweza kubaki na cheti kisichompa leseni. Ombeni kuona barua au cheti chenyewe, na mtazame tarehe ya kumalizika. Jibu la "tuko kwenye mchakato" lichukueni kuwa ni hapana mpaka ithibati itoke. Kwa anayefikiria kufanya kazi nchi nyingine, shahada za uhandisi zina Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ambao vyombo vya ithibati vilivyouridhia hutambuliana; kwa udaktari, Shirikisho la Dunia la Elimu ya Tiba (WFME) hutathmini na kuvitambua vyombo vinavyotoa ithibati kwa vyuo vya tiba. Ulizeni chombo kilichoithibitisha kozi hiyo kimo humo au la.

Mkilinganisha vyuo vya nchi tofauti, msilinganishe idadi ya krediti (vipimo vya uzito wa masomo) hivihivi. Katika ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu na kuhamisha krediti, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote ya mwanafunzi, mihadhara na kujisomea vikiwa pamoja. Kwingine krediti huhesabiwa kwa saa za darasani tu. Ulizeni: krediti moja hapa ni saa ngapi za kazi?

Kisha kijana aingie kwenye kipindi. Akae nyuma, kwa sababu nyuma ndiko inakojulikana kama sauti inafika na kama ubao unasomeka. Ahesabu watu kwa makadirio, atazame wangapi wanaandika na wangapi wako kwenye simu, na kama kuna anayeuliza swali na kujibiwa. Ukumbi wa watu 400 si kosa kwa mwaka wa kwanza. Kosa ni pale ambapo mbali na ukumbi huo hakuna vikundi vidogo vya semina. Ulizeni kikundi kimoja kina watu wangapi, na nani anakiongoza.

Maabara ina lugha yake. Swali ni "Wanafunzi wangapi hutumia kifaa kimoja katika zoezi moja?" Kikundi cha watu wawili au watatu, kila mtu anagusa. Kikundi cha watu wanane, wawili wanafanya, mmoja anaandika na waliobaki wananakili. Kwenye vyombo vya kupimia tafuteni kibandiko chenye tarehe ya mara ya mwisho vilipohakikiwa, na pembeni ya mashine kubwa tafuteni daftari la matumizi. Daftari lenye majina ya wiki hii ni ushahidi kwamba mashine inafanya kazi. Mashine iliyofunikwa plastiki isiyo na daftari huenda ni pambo. Palipo na kemikali pawe na bafu la dharura na sehemu ya kuoshea macho, vyote bila masanduku kurundikwa mbele yake.

Maswali yafuatayo muulizeni mratibu wa programu, na mwombe jibu lenye namba:

- Kati ya walioanza kozi hii pamoja, wangapi walihitimu kwa wakati? Waliobaki waliishia wapi: wanarudia, walihama kozi, au waliacha?
- Masomo ya hiari yaliyoorodheshwa, yapi yalifundishwa kweli mwaka jana? Orodha huwa ndefu kuliko walimu waliopo.
- Wahadhiri wa kudumu ni wangapi, na wa muda ni wangapi?
- Mwanafunzi akifeli somo, mtihani wa marudio hufanyika lini? Kama somo hutolewa mara moja kwa mwaka, kufeli somo moja kunaweza kumcheleweshea mwaka mzima.
- Mafunzo kwa vitendo nje ya chuo: nani hutafuta nafasi, idara au mwanafunzi mwenyewe? Mwalimu huenda kumkagua mara ngapi?
- Kuhama kozi baada ya muhula wa kwanza kunawezekana kwa masharti gani?

Mkitajiwa asilimia ya wahitimu walioajiriwa, ulizeni wangapi waliulizwa na wangapi walijibu. Asilimia 90 ya watu 30 waliojibu, katika darasa la 200, haisemi lolote kuhusu wale 170.

7. Maktaba

Kuna jaribio moja la dakika tano. Kabla ya safari, chukueni jina la kitabu kikuu cha somo moja la mwaka wa kwanza. Kitafuteni kwenye katalogi mkiwa humo ndani: nakala ngapi, toleo la mwaka gani, na je, kiko rafuni kweli? Kisha ulizeni kama majarida ya mtandaoni yanafunguka mwanafunzi akiwa nje ya kampasi, na saa za kufunga wakati wa mitihani. Hesabuni soketi za umeme kwenye meza. Ulizeni pia kama chuo kimo kwenye eduroam, huduma ya intaneti ya vyuo inayopatikana katika nchi zaidi ya 100. Mwanafunzi aliyesajiliwa huunganishwa kwa akaunti yake ya chuo hata akiwa mgeni katika chuo kingine kilichomo.

8. Bweni, na chumba ambacho si cha maonyesho

Chumba mtakachoonyeshwa mara nyingi kimepakwa rangi na hakikaliwi na mtu. Kitazameni, shukuruni, kisha ulizeni kwa upole kama kuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeweza kuwakaribisha kwenye chumba chake. Akikataa ni haki yake. Lakini vyoo na mabafu ya ghorofa hiyo ombeni kuviona.

Fungueni bomba, mhesabu sekunde mpaka maji yatoke kwa nguvu. Ulizeni watu wangapi hutumia bafu moja: watu 12 kwa dakika 10 kila mmoja ni saa mbili za foleni, na kipindi cha kwanza kinaanza saa mbili asubuhi. Pimeni meza: ikiwa chini ya sentimita 80 za upana, kompyuta na daftari havitakaa pamoja. Pimeni kitanda kama kijana ni mrefu. Hesabuni soketi kwa kila mkaazi. Ili kuupima mtandao, pigeni simu ya video mkiwa ndani ya chumba, si nje koridoni.

Kwa usalama, tazameni mambo manne: kufuli ya mlango, taa za ngazi, njia mbili tofauti za kutokea moto ukizuka, na mlango wa dharura unaoweza kufunguliwa na aliye ndani bila ufunguo. Kifaa cha kuzimia moto kikiwa na kipimo, mshale wake uwe kwenye kijani. Mlango wa dharura uliofungwa kwa mnyororo ni sababu tosha ya kukataa bweni hilo, hata kama chuo mnakipenda.

Kisha swali ambalo husahaulika: nafasi ya bweni imehakikishwa kwa miaka mingapi? Pale inapokwisha baada ya mwaka wa kwanza, kinachofuata ni kutafuta nyumba ya kupanga, kodi, na nauli. Pitieni mitaa ambako wanafunzi wa mwaka wa pili wanaishi kabla ya kuondoka.

9. Kama kijana ana ulemavu, ugonjwa sugu au mahitaji maalumu

Ofisi inayoshughulikia wanafunzi hawa iwekewe miadi yake, isichomekwe mwishoni mwa siku. Msiridhike na maneno "tuna miundombinu rafiki". Pitieni njia nzima, kutoka chumbani hadi kiti cha darasani. Kipimo cha njia mteremko kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda iwe na angalau sentimita 12 za urefu wa njia. Mlango wenye upana usiofika kama sentimita 80 ukiwa wazi utasumbua kiti cha magurudumu. Lifti ipandeni, kisha ulizeni ikiharibika kipindi huhamishiwa wapi. Kwa muda wa ziada kwenye mitihani, mkalimani wa lugha ya alama au maandishi ya nukta nundu, ulizeni ombi hutumwa lini na huchukua muda gani kukubaliwa. Kwa dawa zinazohitaji baridi, ulizeni zitahifadhiwa wapi. Zahanati ya chuo nayo: saa za kazi, na usiku nani anapokea simu.

10. Ofisi ya fedha

Msiulize "ada ni kiasi gani?" tu. Mwombeni ofisa awaandikie kila kitu ambacho mwanafunzi wa kozi hiyo alilipa mwaka jana: ada, usajili, mitihani, bima, maabara, kitambulisho, malazi, mafunzo kwa vitendo. Ongezeni wenyewe vifaa vya kozi, kompyuta na nauli. Ulizeni ada ya mwaka wa kwanza hubaki vilevile hadi mwisho au hupanda; tarehe ya mwisho ya kurudishiwa fedha mtu akijitoa; na kama kulipa kwa awamu kunamzuia kufanya mtihani awamu moja ikichelewa. Ufadhili wenye sharti la wastani wa alama uchunguzeni: ulizeni wangapi waliupata mwaka wa kwanza na wangapi bado wanao mwaka wa tatu.

Msilipe chochote siku ya ziara. Malipo yapite kwenye akaunti yenye jina la chuo tu, kwa namba mliyoithibitisha wenyewe kwenye tovuti rasmi. Anayejitolea "kuwashikia nafasi" kwa fedha taslimu muageni kwa adabu na mwondoke.

11. Wazazi, poteeni kidogo

Angalau saa moja kijana awe peke yake. Wanafunzi hawasemi ukweli wote mbele ya mama wa mtu. Azungumze na watatu, mmoja wao awe wa mwaka wa mwisho, na asichague wale waliovaa fulana za ziara. Swali la "Unapapendaje hapa?" huzaa "Pazuri tu." Maswali yanayozaa majibu ni ya vitu vilivyotokea: Wiki iliyopita ni vipindi vingapi havikufanyika? Matokeo ya muhula uliopita yalitoka baada ya wiki ngapi? Mara ya mwisho ulipokwama, ulikwenda kwa nani? Wikiendi watu hubaki au huondoka?

Muda huo wazazi watembelee ofisi ya usalama na wasome mbao za matangazo. Mbao hazina adabu za wageni: humo mna matangazo ya maji kukatika, ratiba zilizobadilishwa mara tatu, na mikutano ya vyama vya wanafunzi. Mkiweza, kaeni mpaka giza liingie, mrudie ile njia ya maktaba hadi bwenini. Taa zisizowaka hazionekani mchana.

12. Jioni ileile

Kabla ya mtu yeyote kutoa maoni, kila mmoja aandike peke yake: mambo matatu yaliyomvutia, matatu yaliyomtia shaka, na moja ambalo halikujibiwa. Dakika kumi zinatosha. Kisha kijana asome yake kwanza. Mzazi akianza, kijana atakubaliana naye au atambishia, na katika hali zote mbili hamtajua alichokiona yeye. Picha zipangeni usiku huohuo, kila fungu likianza na picha ya kibao cha jina la jengo.

Maswali yasiyojibiwa yatumwe kwa barua pepe ndani ya siku tatu pamoja na shukrani, kabla hamjasahaulika. Majibu ya maandishi yahifadhini, hasa yanayohusu ada, malazi na kuhamisha krediti. Ofisa aliyewaahidi kwa mdomo anaweza kuwa amehamishwa siku ya usajili.

Chuo kikiwa mbali mno msiweze kusafiri, video iliyotengenezwa na chuo ni ile ziara ya lango, maktaba na uwanja. Ombeni idara iwaunganishe na mwanafunzi wa kozi hiyo kwa simu ya video ya moja kwa moja, naye atembee na simu kutoka chumbani hadi maabara bila kukata, huku nyinyi mkimwambia pa kusimama na nini cha kufungua.